Michoro ya malango ya Delft: shahidi alisimama wapi?

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 18, mchoraji Mholanzi Abraham Rademaker aliuchora upande wa kusini wa mji wa Delft kwa kalamu na brashi, akitumia wino wa kahawia na wa kijivu. Karatasi hiyo, ambayo leo ni mali ya makumbusho ya Prinsenhof mjini humo, inaonyesha malango mawili yaliyokuwa yakitazama bandari ndogo ya Kolk: kushoto Lango la Schiedam, kulia Lango la Rotterdam, na katikati yao daraja lililovuka mfereji ulioingia mjini. Si mchoro wa kumtoa mtu pumzi, na mgeni mwenye haraka anaweza kuupita katika chumba cha maonyesho bila kugeuza shingo. Hata hivyo ni miongoni mwa mashahidi wachache tulio nao kuhusu majengo ambayo hayapo tena, kwa kuwa malango yote mawili yalibomolewa kati ya mwaka 1834 na 1836, na tangu hapo kila anayetaka kujua yalikuwaje hana budi kuziuliza karatasi.

Kuziuliza karatasi kuna utaratibu wake, na nadhani utaratibu huo hukiukwa mara nyingi. Wengi wetu, wakiwemo waandishi wa historia za miji, huanza na jina la mchoraji: kama ni mtu mashuhuri tunamwamini, kama ni mtu wa kawaida tunamweka pembeni, na kama aliwahi kushukiwa kubuni mambo tunamtupa kabisa. Mahakamani hakimu hafanyi hivyo. Anataka kujua kwanza kama shahidi alikuwepo, alisimama wapi, na kutoka hapo aliweza kuona nini. Sifa za shahidi huja baadaye. Malango ya Delft yanafaa sana kwa kuupima utaratibu huu, kwa sababu yalichorwa na mtu mwenye jina kubwa kuliko wote waliowahi kuishi mjini humo, Johannes Vermeer, na yakachorwa pia na Rademaker, ambaye jina lake lina doa.

Kabla ya kuwalinganisha, ni lazima tujue walikuwa wakitazama nini. Delft ulikuwa mji wenye ukuta na handaki la maji kuuzunguka, na penye njia kubwa ya kuingilia, ya nchi kavu au ya maji, palikuwa na lango. Kusini ndiko kulikokuwa na pilikapilika, kwani njia ya maji ya Schie iliuunganisha mji na Schiedam, Rotterdam na Delfshaven, yaani na mto Maas na hatimaye bahari. Kolk yenyewe ilichimbwa mwanzoni mwa karne ya 17 ili vyombo vipate mahali pa kufunga na kugeuzia. Mashua za abiria, zilizokokotwa na farasi aliyetembea ukingoni, zilikuwa na kituo hapo, na msafiri aliyetoka kusini aliyaona malango hayo kabla hajaiona nyumba yoyote ya Delft.

Lango la Rotterdam halikuwa uwazi mmoja uliotobolewa ukutani. Lilikuwa jengo la sehemu mbili: lango kuu lililoshikamana na ukuta wa mji, na mbele yake lango la nje lenye minara miwili pacha ya mapaa yaliyochongoka, sehemu hizo zikiunganishwa na ujia uliozungushiwa kuta pande zote mbili. Adui aliyefanikiwa kuvunja mlango wa kwanza angejikuta amebanwa katika ujia huo, mlango wa pili ukiwa bado umefungwa mbele yake. Kwa mlinzi ulikuwa mpango mzuri, lakini kwa mchoraji ni taabu tupu. Jengo refu linalotoka ukutani na kumjia mtazamaji halikubali kuonyeshwa lote kwa usawa. Ukisimama ng'ambo ya maji, minara ya mbele inakuwa mikubwa, ujia unafupika hadi kuwa kama hakuna, na lango kuu linajificha nyuma. Kila aliyelichora Lango la Rotterdam alilazimika kuamua alifanyeje jengo hilo, na katika uamuzi huo ndimo tunamoweza kumkamata.

Vermeer aliamua mapema, karibu mwaka 1660 au 1661. Picha yake ya rangi za mafuta, inayotunzwa katika makumbusho ya Mauritshuis mjini The Hague, inautazama mji kutoka ng'ambo ya Kolk, kutoka mahali palipoinuka kidogo. Malango yale yale mawili yapo, na daraja lipo kati yao. Wataalamu wa sanaa wameilinganisha kwa makini picha hii na mchoro wa Rademaker pamoja na ramani za wakati ule, na tofauti walizozikuta si za bahati mbaya. Lango la Rotterdam, ambalo kutoka hapo lilipaswa kumjia mtazamaji kwa mshazari mkali, Vermeer amelilaza hadi likakaribia kwenda sambamba na ukuta. Mstari wa majengo ameutuliza, ukawa kama mkanda mmoja mrefu unaokatiza turubai kati ya maji na anga. Picha za eksirei zimeonyesha jambo jingine lililo wazi zaidi: taswira ya minara pacha majini aliianza ikiwa na mipaka yake, kisha akaivuta kwenda chini mpaka ikaugusa ukingo wa picha, umbali ambao maji halisi yasingeweza kuufikisha.

Kumwita Vermeer mwongo kwa sababu hiyo itakuwa upuuzi. Alikuwa akitengeneza picha ya mji uliotulia asubuhi, baada ya mvua au kabla yake, na alihitaji kila kitu kikae mahali ambapo jicho lingepata raha. Tena mji huo ulikuwa umetoka kwenye msiba: tarehe 12 Oktoba 1654 ghala la baruti lililipuka upande wa kaskazini mashariki, likabomoa mitaa mizima na kuua watu wengi, akiwemo mchoraji Carel Fabritius. Hakuna hata dalili ya tukio hilo katika picha ya Vermeer, kwa sababu upande aliouchagua kuutazama haukuguswa. Uchaguzi wa mahali pa kusimama ulikuwa tayari nusu ya kazi.

Lakini anayetaka kujua Lango la Rotterdam lilikuwa na umbo gani, lilitoka ukutani kwa pembe gani, na minara yake iliachana kiasi gani, hana budi kukubali kwamba turubai hiyo tukufu ni shahidi dhaifu katika jambo hilo. Nasema katika jambo hilo, kwa sababu ushahidi haupaswi kupokelewa wala kukataliwa kwa jumla. Mtazame tena Vermeer katika mnara wa kanisa la Nieuwe Kerk, ule unaong'aa kwa jua upande wa kulia. Katika nafasi za kengele anga inaonekana ikipita upande wa pili. Mnara ni mtupu. Ndivyo ulivyokuwa kwa kipindi kifupi tu, maana kengele za zamani zilikuwa zimeshushwa na mpya, zilizotengenezwa na François Hemony, zikafungwa kuanzia mwaka 1660. Kutokana na uwazi huo mdogo watafiti wamepata mojawapo ya hoja zao bora za kukadiria wakati picha ilipoanzwa. Mtu yule yule, katika turubai ile ile, alilipinda lango kwa makusudi na akauacha mnara vile vile alivyouona.

Sasa tumgeukie Rademaker, ambaye kwake mambo yanakwenda kinyume. Alizaliwa Lisse karibu mwaka 1677, akajifunza mwenyewe kuchora, na akafa Haarlem mwaka 1735. Kinachomfanya akumbukwe ni mkusanyo wa mwaka 1725 wenye michoro 300 iliyochapwa kutoka kwenye mabamba ya shaba, ikionyesha makasri, makanisa, nyumba za watawa na malango ya Uholanzi na ya Kleve, eneo jirani ambalo leo liko Ujerumani. Mkusanyo huo uliuzika sana, na michoro yake imenakiliwa tena na tena. Tatizo ni kwamba mingi inabeba miaka iliyotangulia kuzaliwa kwa mchoraji wake. Kasri ambalo yeye angeweza kulikuta likiwa magofu tu, linaonyeshwa likiwa na mapaa, madirisha na bendera. Baadhi ya michoro hiyo aliinakili kutoka kwa wachoraji wa zamani, na hapo thamani yake inategemea huyo aliyenakiliwa. Mingine inaelekea kujazwa kwa kukisia. Kwa msomaji wa leo ni vigumu kujua ipi ni ipi, kwa kuwa mkono ni mmoja na mtindo ni mmoja.

Je, mtu wa namna hiyo ndiye tunayemwita aje kumsahihisha Vermeer? Ndiyo, na sioni aibu yoyote katika jambo hilo. Alipochora malango ya Delft, malango yalikuwa yamesimama mbele yake, na yangeendelea kusimama kwa zaidi ya miaka mia moja baadaye. Mnunuzi yeyote wa mchoro ule angeweza kupanda mashua na kwenda kuulinganisha na kitu chenyewe. Hapakuwa na faida ya kubuni, na palikuwa na hasara. Katika makasri yaliyokwisha kuanguka hali ilikuwa tofauti kabisa: mnunuzi alitaka kasri zima, hapakuwa na njia ya kumbana mchoraji, na soko likailipa njozi. Doa la Rademaker limetokana na kazi aliyoifanya pale ambapo hakukuwa na kitu cha kutazama.

Soko lenyewe linastahili kuelezwa kidogo, kwa sababu bila hilo michoro ya malango isingekuwa mingi hivyo. Karne ya 18 ilikuwa na watu wenye nafasi, wafanyabiashara hasa, waliokusanya karatasi za miji kama wengine walivyokusanya sarafu. Andries Schoemaker, mfanyabiashara wa vitambaa wa Amsterdam, alisafiri mikoani pamoja na wachoraji Cornelis Pronk na Abraham de Haen, wao wakichora na yeye akiandika habari za kila mahali. Wachoraji wa aina hiyo walikuwa na desturi ya kuchora haraka kwenye kijitabu wakiwa njiani, kisha nyumbani wakaurudia mchoro kwa usafi, wakapaka wino uliozimuliwa kwa maji, wakaongeza mbwa, mvuvi na mwanamke mwenye kikapu. Karatasi safi ndiyo iliyouzwa. Ndiyo maana, pale ambapo kijitabu na karatasi safi vyote vimesalia, mimi ningeshika kijitabu kwanza. Wale watu wadogo walioongezwa mbele ya lango ni pambo. Mara nyingi hata hawalingani kimo na mlango wanaoupita.

Ushahidi wa Rademaker usingetosha kama ungekuwa peke yake. Bahati nzuri una wa kuusaidia. Katika miaka ya 1690 Josua de Grave naye aliyachora malango ya kusini ya Delft. Huyu alikuwa mtu wa aina nyingine: katika miaka ya 1670 alifuatana na majeshi ya Uholanzi wakati wa vita dhidi ya Ufaransa, akachora kambi, ngome na miji ya mpakani, na alikuwa na tabia ya kuandika kwenye karatasi mahali alipokuwa na tarehe. Tabia hiyo ndogo ina thamani kuliko ufundi mwingi. Kisha kuna ramani kubwa ya Delft iliyotolewa katika miaka ya 1670 chini ya usimamizi wa Dirck van Bleyswijck, aliyekuwa ameandika pia kitabu cha habari za mji mwaka 1667. Ramani inaliweka kila lango mahali pake juu ya ardhi, na kwa kutumia rula mtu anaweza kujua kutoka ng'ambo ya Kolk minara pacha ingeonekana kwa mshazari kiasi gani. Rula inampa haki Rademaker.

Kwamba jambo hili si la wachoraji wadogo peke yao, Rembrandt anatuonyesha kwa michoro miwili. Tarehe 7 Julai 1652 jengo la zamani la serikali ya mji wa Amsterdam liliungua. Siku mbili baadaye Rembrandt alilichora gofu lake, akaandika kwenye karatasi kwamba hivyo ndivyo lilivyoonekana kutoka kwenye jengo la mizani, na akataja tarehe 9 Julai 1652. Mahali, wakati, hali ya jengo: shahidi ametoa vyote kabla hajaulizwa. Lakini miaka michache kabla, Rembrandt huyo huyo alichora mnara wa Montelbaan, uliokuwa sehemu ya ulinzi wa Amsterdam, bila ile sehemu ndefu ya juu yenye saa iliyokuwa imeongezwa mwaka 1606, mwaka ambao yeye mwenyewe alizaliwa. Hakuwahi kuuona mnara ukiwa katika hali hiyo. Aliufuta wakati wake ili apate kisiki cha kale, kizito, kinachomfaa. Anayesema "Rembrandt aliuchora, kwa hiyo ulikuwa hivyo" atasema kweli kwa karatasi moja na atakosea kwa nyingine.

Msomaji wa pwani yetu anaweza kulijaribu swali hili karibu na nyumbani. Mwaka 1572, mjini Köln, Georg Braun na mchongaji Frans Hogenberg, mzaliwa wa Mechelen, walitoa juzuu la kwanza la mkusanyo wao wa picha za miji ya dunia, na katika ukurasa mmoja wakaweka Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Picha za Mombasa na Kilwa zimenakiliwa vitabuni mara nyingi, huku maelezo yakidokeza kwamba tunaitazama miji hiyo kama ilivyokuwa. Hogenberg hakusimama Kilwa. Alichonga kutokana na habari zilizopitia mikono ya Wareno, na kwa hiyo picha yake inatueleza vizuri jinsi Kilwa ilivyofikiriwa Ulaya. Kuhusu kuta za matumbawe za Kilwa yenyewe, magofu ya Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu yanasema zaidi kuliko bamba lolote la shaba la Köln.

Nirudi Delft, kwa sababu kuna jambo ambalo hata mchoro mwaminifu kabisa haulisemi. Karibu kila mchoro wa lango la Kiholanzi unalionyesha mchana, milango ikiwa wazi, watu wakipita. Lakini lango lilijengwa kwa ajili ya kufungwa. Jioni kengele iligongwa, milango ikafungwa, daraja likanyanyuliwa, na aliyechelewa alilala nje au, katika miji mingi ya nyakati za baadaye, alilipa ada ndipo afunguliwe. Mchana nao lango lilikuwa ofisi. Bia, divai, nafaka, nyama na mboji iliyokaushwa kwa ajili ya kuchomea vilikuwa na ushuru wa mji, na hapo mlangoni ndipo palipokuwa rahisi kumsimamisha mwenye mzigo. Mlinzi aliangalia pia nani anaingia: ombaomba kutoka mbali, mgeni aliyetoka kwenye mji wenye tauni. Mvuvi aliyeketi kwa starehe mbele ya lango katika mchoro wa karne ya 18 hatuelezi kwamba kwa mtu mwenye pipa la bia mahali hapo palikuwa pa kupoteza saa nzima na fedha. Mnunuzi wa mchoro, ambaye mwenyewe alikuwa mwenyeji mwenye haki zake, hakuhitaji kuelezwa hilo, wala hakulipia kulitazama.

Ninasisitiza hili kwa kuwa ndilo linaloeleza ubomoaji. Ukiyatazama malango kwa macho ya michoro tu, uamuzi wa kuyabomoa unaonekana kama kichaa: kwa nini watu wavunje vitu vizuri hivyo? Ukiyatazama kwa macho ya waliopita humo kila siku, unaelewa. Katika karne ya 19 ukuta wa zama za kati haukuweza tena kuzuia mizinga, ukarabati ulimeza fedha za mji, na njia nyembamba ya ndani ya lango iliyabana magari ya farasi. Kilichobaki ni ushuru, na wala haukuwa jambo la kupendwa. Sheria ya mwaka 1865 iliufuta ushuru huo wa miji juu ya bidhaa, na sheria ya ngome ya mwaka 1874 ikaiondolea miji mingi wajibu wa kuwa ngome; baada yake nyundo zilifanya kazi kutoka mji hadi mji. Delft haikungoja sheria hizo.

Na Delft ndiyo inayotoa mfano mchungu kuliko yote. Mwaka 1822 picha ya Vermeer iliuzwa mnadani Amsterdam, na serikali ikainunua kwa gilda 2,900, Mfalme Willem I akaagiza iwekwe Mauritshuis. Miaka kumi na miwili baadaye malango yaliyomo ndani ya picha hiyo yakaanza kubomolewa. Kati ya The Hague, ilikoning'inizwa picha, na Kolk, yalikokuwa yakivunjwa matofali, ni mwendo wa saa mbili tatu kwa miguu. Taifa lililipa fedha nyingi kwa malango yaliyopakwa rangi, tena yaliyopindwa, na mji ukaona malango yenyewe ni mzigo. Sidhani kuna mtu aliyeona mgongano wowote. Picha ilikuwa sanaa. Lango lilikuwa gharama katika hesabu za manispaa.

Hapa ndipo mchoro unapoingia katika lawama, ingawa bila hatia yake. Kadiri jengo lilivyokuwa na michoro mingi, ndivyo ilivyokuwa rahisi kujifariji kwamba limehifadhiwa. Desturi ya kumwita mchoraji, na baadaye mpiga picha, aje kabla ya wabomoaji ni desturi njema, na bila hiyo tungekuwa maskini zaidi. Lakini iligeuka kuwa kibali. Victor de Stuers alipochapisha mwaka 1873, katika jarida la De Gids, makala yake kali kuhusu jinsi Uholanzi ilivyokuwa ikiacha urithi wake uharibike, hakuwa akilalamikia uhaba wa picha. Nchi ilikuwa na picha tele. Alilalamikia serikali isiyojiona kuwa na wajibu wowote juu ya mawe na matofali. Miaka miwili baadaye aliwekwa kuongoza idara ya sanaa katika Wizara ya Mambo ya Ndani, na kutoka hapo ulinzi wa majengo ya kale ukaanza kuwa kazi ya dola.

Yaliyosalia ni machache, na kila moja lina thamani ya ziada kwa mtu anayesoma michoro: ni kipimo. Delft ina Lango la Mashariki, Oostpoort, la karibu mwaka 1400, ambalo minara yake iliongezewa ghorofa ya pembe nane na vilele virefu mwanzoni mwa karne ya 16. Chukua mchoro wowote wa Oostpoort wa karne ya 18, nenda usimame mahali mchoraji aliposimama, na utajua katika dakika tano kama mkono wake ulirefusha vilele au uliviacha. Ukishajua tabia ya mkono huo mbele ya lango lililopo, una haki ya kuutumia mbele ya lango lisilokuwepo. Haarlem kadhalika imebakiwa na Lango la Amsterdam, la mwisho kati ya malango yake. Baraza la mji lilikwisha kuamua katika miaka ya 1860 kuliondoa, utekelezaji ukasuasua, lango likapona. Kwa hiyo wachoraji wa Haarlem, ambao ni wengi, wana mahali pa kupimwa.

Lakini hata jiwe lililosimama lisipokelewe kwa upofu. Jengo la mizani katika uwanja wa Nieuwmarkt mjini Amsterdam lilikuwa Lango la Mtakatifu Antoni, na lina jiwe la mwaka 1488. Mji ulipopanuka lilijikuta ndani, ukuta wake ukaondolewa, handaki likafukiwa, na ardhi ikainuliwa ili kupata uwanja. Kufikia mwaka 1617 lilikuwa limegeuzwa kuwa mahali pa kupimia bidhaa. Sehemu ya chini ya kuta zake imezama ardhini. Anayelitazama leo anaona jengo nene, fupi, lililochuchumaa, na akisoma umbo hilo kama mtindo wa wajenzi wa karne ya 15 atakosea. Hapo mchoro wa zamani unaoonyesha lango na maji yake ndio unaolisahihisha jengo.

Kinachonikera ni kwamba taarifa inayohitajika kwa kazi hii yote haipatikani kwa urahisi. Maelezo ya mchoro wa lango, katika makumbusho na katika hifadhi za nyaraka, hutaja kwa ukamilifu wa kupendeza jina la mchoraji, miaka yake, aina ya karatasi, aina ya wino, na vipimo kwa milimita. Mara chache sana yanasema mchoraji alikuwa upande gani wa lango, ndani ya mji au nje, ukingo gani wa maji, na kama katika mwaka huo lango lilikuwa limesimama. Mambo hayo matatu yanaweza kupatikana kwa ramani ya zamani, hati za manispaa na asubuhi moja ya kutembea. Yangeandikwa hata kwa ufupi, "kutoka ukingo wa kusini wa Kolk, malango yote mawili yakiwa yamesimama", mchoro wa Rademaker wa Delft ungejitenga wenyewe na makasri yake ya kukisia, na mwandishi wa historia ya mji asingelazimika kuchagua kati ya kumwamini mtu huyo kwa yote au kumkataa kwa yote. Kwa michoro 300 ya mwaka 1725 kazi ingekuwa ngumu zaidi, kwani kila karatasi ingehitaji kufuatiliwa hadi kwa mchoraji wa awali, kama alikuwepo, na mingi ingebaki na maneno "haikuonwa na mchoraji". Na yaandikwe basi, tena kwa herufi zisizo ndogo kuliko zile za jina lake.